Msalaba kwenye mlipuko: ishara au urembo tu?

*"Mwalimu, salamu kutoka Ntinda. Tuko kundi la vijana kama kumi, kila Jumamosi tunakutana kutazama anime, zile katuni za video za Japani, na kuazimana manga, vitabu vya katuni vya huko. Tangu tumalize Neon Genesis Evangelion, ile anime ya vijana wanaoendesha roboti kubwa, hatuelewani. Mimi nashikilia kwamba ile misalaba, Adamu na Lilith, mkuki wa Longinus na mti wa uzima vinabeba ujumbe mzito wa Kikristo. Mwenzangu anasema najidanganya, kwa kuwa watengenezaji wenyewe walishasema misalaba iliwekwa kupendezesha. Wa tatu anatucheka sote: kwake sehemu mbili za mwisho ni picha zilizosimama tu, kwa hiyo kazi ni mbovu na hakuna cha kujadili. Juzi tumeombwa kuwa waamuzi wa shindano la katuni za wanafunzi wa sekondari, na nitaona aibu tukigombana hivi mbele yao. Halafu mama amefungua kitabu changu cha Naruto, akaona alama ya Wanazi kwenye paji la uso la kijana mmoja, akasema kisilale tena ndani ya nyumba yake. Tutumie kipimo gani?"*

Ndugu yangu, mmekuwa mkibishana huku kila mtu akijibu swali lake mwenyewe. Wewe unauliza alama ile inafanya kazi gani ndani ya hadithi. Mwenzako anajibu ilitoka wapi. Wa tatu anazungumzia ufundi wa mkono na muda wa kuchora. Kila mmoja ameshika kipande cha haki, ndiyo maana hakuna anayekubali kushindwa. Nianze na la asili kwa sababu ndilo jepesi.

Kuhusu asili, mwenzako yuko sahihi. Evangelion ilirushwa na TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, sehemu 26, kazi ya studio ya Gainax chini ya mwongozaji Hideaki Anno. Msaidizi wake, Kazuya Tsurumaki, alieleza baadaye kwamba vipindi vya roboti kubwa vilikuwa vingi Japani, wakachukua alama za Kikristo ili chao kionekane tofauti na vingine, na kwamba hawakukusudia ujumbe wa Kikristo. Kumbuka kwamba Wakristo Japani ni kama asilimia 1 ya watu wote. Kwa mtazamaji wa Tokyo msalaba una mvuto wa kitu cha mbali. Wewe unaishi Uganda, ambako zaidi ya watu wanane kati ya kumi ni Wakristo. Msalaba umeuona kwenye kaburi la babu, shingoni mwa mwalimu wako na kwenye kioo cha nyuma cha teksi. Huwezi kuutazama kama pambo hata ukijilazimisha.

Na wewe pia una mawili ya kurekebisha. Ule mchoro wa duara zilizounganishwa kwa mistari, unaoonekana kwenye dari ya ofisi ya Gendo, mkuu wa shirika la NERV linalopigana na Malaika wa hadithi hiyo, ni mti wa uzima wa Kabbalah, yaani elimu ya siri ya Kiyahudi; haukutoka kanisani. Na Longinus hayumo katika Injili. Yohana 19:34 inamtaja askari aliyemchoma Yesu ubavuni kwa mkuki, lakini jina hilo lilikuja na mapokeo ya baadaye. Kwa hiyo ukisema "ujumbe wa Kikristo" umefunika vitu vya nyumba tofauti kwa shuka moja.

Mwenzako naye anaruka hatua pale anaposema kwamba kwa kuwa hawakukusudia, basi hakuna maana. Alichosema mtunzi ni ushahidi, tena mzito, lakini hukumu haitoki kwa shahidi mmoja. Anime ya televisheni hupita mikononi mwa watu wengi: mwandishi, mchora storibodi (mpango wa matukio kwa picha), wachoraji, mpaka rangi, mpaka mtu wa sauti. Alama iliyoletwa kwa ajili ya kupendeza inaweza kupewa kazi na mtu mwingine wiki tano baadaye. Na inaweza pia kubaki pambo hadi mwisho. Jibu lazima litafutwe kwenye skrini, tukio kwa tukio.

Njia ninayowashauri ni kuondoa. Chukueni alama mnayobishania, iondoeni kichwani, wekeni kitu kingine mahali pake, kisha muulizane hadithi imepoteza nini.

Jaribuni na ile milipuko. Malaika, yaani kiumbe adui katika hadithi hiyo, akilipuka, mwanga unapanda juu kwa umbo la msalaba. Badilisheni uwe nguzo ya moto au duara. Kimepotea nini? Mwonekano, na labda ule msisimko wa kwamba hiki ni kipindi cha ajabu. Matukio yanabaki yaleyale, wahusika walewale, hofu ileile. Huo ni urembo. Urembo mzuri, lakini ni urembo.

Sasa shukeni chini ya makao makuu ya NERV, kwa lile jitu jeupe lililopigiliwa misumari msalabani. Litoeni pale mlilaze kwenye tangi la maji. Mara moja kuna kinachovunjika. Watu wanaojiita waokoaji wa binadamu wameficha mateka chini ya sakafu yao, uokozi wao umejengwa juu ya mwili wa mwingine, na hata jina lake wamelidanganya: tunaambiwa ni Adamu, kumbe ni Lilith. Mtu asiyewahi kufungua Biblia ataona kiumbe kilichofungwa na atashtuka. Wewe uliyelelewa na Ijumaa Kuu utaona zaidi ya hapo. Msalaba huo unafanya kazi. Kwa hiyo katika kazi hiyohiyo, alama hiyohiyo ni pambo mahali pamoja na ni ishara mahali pengine, na nyinyi wawili mlikuwa mkitoleana mifano ya pande mbili bila kujua.

Kipimo cha pili ni marudio yenye mabadiliko. Kitu kikitokea mara moja ni tukio. Kikirudi vilevile mara ishirini ni nembo. Kikirudi huku maana yake ikisogea kila mara, hapo mtunzi anajenga ishara. Kwa maoni yangu ishara bora za Evangelion hazimo kabisa kwenye orodha yako. Tazameni kile kicheza muziki cha Shinji, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu. Kila anapotaka kuwakimbia watu anaziba masikio na kutazama dari. Hakihitaji kamusi wala mchungaji, na ukikiondoa unapoteza njia nzima ya kuonyesha kijana anayejifungia bila kutamka neno. Mashabiki hukipita kwa sababu hakina mabawa wala maandishi ya Kilatini.

Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa ina mfano safi zaidi. Saa ya mfukoni ya Edward, mkubwa kati ya ndugu wawili wa hadithi hiyo, ni kitambulisho cha serikali. Mwenye saa hiyo anatumikia jeshi. Tunaiona tena na tena kama kitu cha madaraka. Kisha rafiki yao Winry anafaulu kuifungua, na ndani ya kifuniko kumechongwa kwa mkono tarehe ambayo ndugu wale wawili walichoma nyumba yao ili wasiwe na pa kurudi. Kitu kilekile, nje ni cha dola, ndani ni kiapo cha watoto wawili. Ishara imezaliwa ndani ya hadithi yenyewe, na msomaji wa Gulu anaipata sawasawa na msomaji wa Osaka.

Lakini ziko ishara zinazomtaka msomaji awe wa nyumbani, na hazina ubaya. Chukua katuni ya mwanafunzi wa Masaka: kisanduku cha kwanza, bibi anafungua sanduku la bati, cha pili, mikono yake inakunjua lubugo, cha tatu, mjukuu amesimama mlangoni, hakuna neno. Msomaji wa Buganda ameshaelewa kuna msiba, kwa kuwa anajua nguo hiyo ya gome la mutuba hutumika kumfunga marehemu, kama anavyojua pia ina nafasi yake katika kutawazwa kwa wafalme. Kama mwanafunzi amechora mifereji myembamba inayoachwa na nyundo ya kugongea gome, hata jina la nguo halihitajiki. Msomaji wa Japani ataona kitambaa cha kahawia. Je, katuni imefeli? Hapana, ila mchoraji akitaka wa mbali naye aelewe, ni juu yake kuweka kisanduku kimoja kabla: jeneza, au wanaume wakichimba. Vivyo hivyo kijana wa ukoo wa Nsenene anayesukuma pembeni sahani ya panzi mwezi wa Novemba, wakati Kampala nzima inatafuna. Kwetu hilo ni tukio kamili kuhusu miiko na utambulisho. Kwa mgeni, ni mtoto mwenye deko kwenye chakula.

Ugeuzeni mfano huo na mtaona mnapokosea mnaposoma kazi za Wajapani. Kimono ya mtu aliye hai hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Kinyume chake ni namna ya kumvisha maiti. Ua jekundu la higanbana linaloota karibu na makaburi na kuchanua kipindi cha kukumbuka wafu linapojaa kwenye fremu, mtazamaji wa kule ameshaonywa. Ila kuweni macho na toleo mlilo nalo. Matoleo mengi ya Kiingereza ya zamani, kabla ya miaka ya 2000, yaligeuza kurasa kama kwenye kioo ili zisomeke kutoka kushoto. Kila kimono ikageuka ya maiti, kila mwenye panga la mkono wa kulia akawa wa kushoto. Nadharia nyingi nzito za "kwa nini anashika kwa mkono wa kushoto" zimezaliwa na mashine ya uchapishaji.

Kuna na la VJ. Najua wengi wenu mmeanza kutazama kwenye kibanda cha video, VJ akitafsiri kwa Luganda na kuongeza utani wake juu. Ile ni sanaa yenye heshima yake, na mara nyingine VJ ananogesha kuliko filamu. Ila neno aliloongeza yeye haliwezi kuwa ushahidi wa ishara. Hata maandishi ya chini yaliyotafsiriwa na mashabiki yana tatizo hilo. Mnapojenga hoja, itazameni picha kwanza, kisha maneno.

Nigusie mfano mmoja wa usomaji halali usiotegemea nia ya mtunzi wa awali. Kama hujamaliza Death Note, ruka aya hii. Katika sehemu ya 25 ya anime, mpelelezi L na Light, muuaji anayemtafuta, wametoka kunyeshewa mvua, na L anapiga magoti kumkanda na kumfuta miguu Light. Tukio hilo halimo kwenye manga. Liliongezwa na waliotengeneza anime. Mtazamaji wa Uganda anaona Yohana 13, Yesu akiwaosha wanafunzi wake miguu, papo hapo. Je, anaruhusiwa? Ndiyo, kwa sababu ushahidi uko kwenye mpangilio: anayefuta miguu atakufa muda mfupi baadaye, na anayefutwa ndiye aliyemsaliti. Liondoe tukio na kifo cha L kinakuwa hesabu ya kete tu. Usichoruhusiwa kusema ni kwamba mtunzi wa manga alimaanisha hivyo, kwa kuwa kwake halipo.

Sasa mama yako. Kijana huyo ni Neji Hyuga, na alama iliyochorwa kwenye manga ni manji, alama ya Kibuddha iliyotumika Asia karne nyingi kabla ya Wanazi kuchukua alama inayofanana nayo mwaka 1920. Kwenye ramani za Japani manji huonyesha mahali palipo na hekalu la Kibuddha. Wahindu nao wanayo. Familia za Kihindi za Kampala huichora wakati wa Diwali kama alama ya heri. Wengi husema tofauti ni mwelekeo wa mikono ya alama. Msitegemee hilo peke yake, kwa sababu Wabuddha na Wahindu wametumia mielekeo yote miwili, na toleo lililogeuzwa kama kioo linageuza na manji.

Hata hivyo hofu ya mama si ujinga. Ameona alama ambayo duniani imebeba mauaji ya mamilioni, na hakuna aliyemweleza. Watengenezaji wa anime ya Naruto wenyewe waliona tatizo hilo, wakaiondoa manji na kuweka alama inayofanana na X. Na hapa mna jaribio la kuondoa ambalo limeshafanywa na studio! Hadithi haikupoteza kitu. Kumbe uzito haukuwa kwenye umbo la manji. Uzito uko kwenye ukweli kwamba alama ilipigwa kwenye paji la mtoto na watu wa ukoo wake mwenyewe ili wamtawale, kwamba anaificha chini ya kitambaa, na kwamba anajiona ndege wa kizimbani. Mkalishe mama, mwonyeshe kurasa ambazo Neji anasimulia habari ya alama hiyo, na mwambie wazi kwamba kitabu hakisifu Wanazi. Usianze kwa kumwambia "huelewi". Na fulana yenye manji usiivae mjini, kwa sababu mtu wa barabarani hana muda wa kusikiliza historia ya Ubuddha.

Tuje kwa yule wa tatu, maana swali lake ndilo mnalolijua kidogo kuliko yote.

Video ya anime huenda kwa fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Karibu hakuna kipindi cha televisheni chenye michoro 24 tofauti kwa sekunde. Kawaida mchoro mmoja hukaa fremu mbili, hivyo michoro 12, au fremu tatu, hivyo 8. Mtindo wa kubana michoro ulienea Japani tangu Osamu Tezuka alipoanza kurusha Astro Boy kila wiki mnamo Januari 1963, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kumaliza kipindi cha nusu saa kila wiki. Hata leo sehemu moja ina vipande kama 300 vya picha na michoro elfu kadhaa, inayopita kwenye mnyororo: storibodi, mpangilio wa fremu, michoro mikuu, masahihisho ya msimamizi wa uchoraji, michoro ya kujaza katikati, rangi, mandhari ya nyuma, kisha kuunganishwa.

Mnyororo huo ukichelewa mwanzoni, maumivu yanatokea mwishoni. Storibodi ikichelewa wiki tatu, tarehe ya kurushwa haisogei. Kinachokatwa ni muda wa msimamizi wa uchoraji, yule ambaye kazi yake ni kuhakikisha uso wa mhusika unafanana kutoka kipande hadi kipande. Ndipo mnaona pua imehama. Someni majina ya mwishoni: sehemu moja ikiwa na wasimamizi wa uchoraji wengi kupita kawaida, zaidi ya kumi tuseme, mara nyingi ratiba ilibanwa na kazi ikagawanywa kwa haraka. Mashabiki hupenda kusema "hawakuwa na bajeti". Fedha huwa zimepangwa mapema na kamati ya wawekezaji, na fedha za nyongeza haziwezi kununua wiki iliyokwisha kupita. Ukiona uchoraji umelegea, shuku kalenda kabla ya pochi.

Evangelion iliishiwa muda kweli, hilo mwenzenu ana haki nalo. Lakini picha iliyosimama na picha mbovu ni vitu viwili. Mrudisheni kwenye sehemu ya 22. Asuka na Rei, wasichana wawili waendeshaji wa roboti, wako ndani ya lifti. Hawasemi. Picha karibu haisogei kwa sekunde kama 50, kinachosikika ni mlio wa lifti tu. Ukiwa na mtu usiyempenda kwenye lifti, hivyo ndivyo muda unavyokuwa: unapumua polepole, unahesabu ghorofa. Kwa studio ni mchoro mmoja uliookoa michoro mia kadhaa. Kwa mtazamaji ni kero inayopanda hadi Rei anapofungua kinywa na Asuka anapoinua mkono. Sehemu ya 24 inafanya vilevile: roboti ya Shinji imemshika mkononi Kaworu, rafiki yake ambaye kumbe ni Malaika, picha imeganda takriban dakika moja, muziki wa Beethoven unaendelea, na sisi tunasubiri Shinji aamue. Ukiifanya isogee, umeiharibu. Ubanaji na ufundi vimekaa pamoja hapo.

Sehemu za 25 na 26 ni jambo jingine. Mimi naziona zina nguvu kama maungamo ya mtu mmoja na dhaifu kama mwisho wa hadithi, kwani zinaacha njama ya NERV ikining'inia. Ndiyo maana Julai 1997 ilitoka filamu ya The End of Evangelion iliyosimulia mwisho upya. Mwenzenu akisema hivyo, kwamba njama imeachwa, ana hoja. Akisema "picha zimesimama, basi", hana.

Kosa la upande wa pili ni kuhukumu mwendo kwa picha ya skrini. Sehemu ya 167 ya Naruto Shippuden, Naruto akipigana na adui yake Pain, ilizungushwa mitandaoni kwa fremu ambazo uso wa Pain umevutika kama mpira. Fremu hizo zilichorwa zipite kwa sehemu ndogo ya sekunde ili jicho lihisi kasi na uzito. Unaweza kutopenda mtindo ule, na wengi hawakuupenda kwa sababu uligongana na mwonekano wa sehemu zilizotangulia. Hiyo ni hoja ya ulinganifu. Lakini aliyevuta uso ule alijua anachofanya. Chukueni sekunde kumi za pambano hilo mzitazame mara tatu: mara ya kwanza kawaida, mara ya pili bila sauti, mara ya tatu fremu kwa fremu. YouTube ikiwa imesimamishwa, kitufe cha nukta kinasogeza fremu moja mbele na cha mkato kinarudisha nyuma. Kwenye programu ya VLC ni herufi E. Angalieni mguu unapokanyaga: je, mwili unashuka kidogo kabla ya kuruka? Hapo ndipo mnajua kama mchoraji anaelewa uzito.

Na kabla ya kulaumu studio, angalieni faili lenu. Nakala ya 360p iliyobanwa ili isile bando hugeuza matukio ya usiku kuwa vibonge vya kijivu na kufuta mistari myembamba ya nywele. Sijui ni ugomvi wangapi umeanzishwa na nakala mbovu.

Sasa shindano. Msilete vipimo vya studio ya Japani kwa mtoto mwenye kalamu na karatasi ya daftari. Ningegawa alama 50 hivi: 20 kwa hadithi kusomeka bila kukwama, 15 kwa namna picha zinavyosimulia zenyewe, 10 kwa uchoraji, na 5 tu kwa ishara. Nimeipunguza ya mwisho makusudi. Mkiweka alama nyingi hapo, mwaka ujao mtaletewa mafuvu, misalaba na macho yanayotoa damu kila ukurasa. Na mwamuzi anayetoa zaidi ya 3 kati ya hizo 5 aandike ni ukurasa gani, kisanduku gani, na kingepotea nini kama kingeondolewa. Sentensi moja inatosha.

Kila mwamuzi asome peke yake: mara ya kwanza kwa kasi bila kalamu, kama msomaji wa kawaida, akikumbuka alipokwama, mara ya pili akitoa alama. Alama ziandikwe kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, la sivyo mwenye sauti kubwa ataamua kwa niaba ya wote. Waamuzi wawili wakipishana kwa zaidi ya alama 10, wasome tena wakiwa wamekaa pamoja, kidole kwenye ukurasa.

Mtakachokutana nacho zaidi ni haya. Watoto wanaopenda manga huiga mwelekeo wa kulia kwenda kushoto huku wakiandika kwa Kiswahili au Kiingereza, ambavyo vinakwenda kushoto kwenda kulia. Visanduku vinaenda huku, viputo vya maneno vinaenda kule, na msomaji anapata jibu kabla ya swali. Tangazeni mapema: kushoto kwenda kulia, na anayeongea kwanza kiputo chake kiwe juu kushoto. Visanduku vinne hadi saba kwa ukurasa vinatosha. Kiputo chenye maneno zaidi ya 25 kinaficha mchoro, na kawaida kinasema kile ambacho picha imeshasema.

Uchapaji nao unaua kazi nzuri. Mchoro wa A4 ukipunguzwa kuwa A5 kila kitu kinabaki kama asilimia 70 ya urefu wake, hivyo herufi ya milimita 4 inakuwa chini ya 3. Herufi za milimita 2 zitapotea kabisa. Kivuli cha penseli hakitoki vizuri kwenye fotokopi na kalamu ya buluu hufifia. Wasisitizieni kalamu nyeusi, na vivuli viwe vya mistari. Waache sentimita 1.5 kila upande, kwa sababu mashine hula kingo, na mara nyingi kinacholiwa ni kiputo cha pembeni.

Kuna mahali maandishi yangu hayatoshi. Ubishi ukifika kwenye maneno ya Kijapani yaliyochorwa ndani ya picha, pelekeni ukurasa kwa mtu anayeyasoma badala ya kubishania tafsiri tatu za mashabiki. Kwa alama za uchoraji, ombeni mwalimu au mwanafunzi wa miaka ya juu kutoka shule ya sanaa ya Margaret Trowell pale Makerere akae nanyi alasiri moja, atoe alama kwa katuni tatu mbele yenu na kueleza kila namba.

Na moja zito. Evangelion inazungumza kwa uwazi kuhusu kujichukia na kutamani kutokuwepo. Mkiwa na mwenzenu anayesema yeye ndiye Shinji, na hapati usingizi, hataki kula, ameacha kuja, au anazungumzia kufa hata kwa utani, huo si mjadala wa anime tena. Msimwache peke yake. Mwambieni mtu mzima anayemwamini na mwende naye kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo. Kwa Kampala kuna pia hospitali ya Butabika, inayoshughulika na afya ya akili.

Kuhusu kitabu cha washindi, kabla hamjatangaza masharti kwa shule, chukueni kurasa mbili za majaribio, moja ya wino na moja ya penseli, mpeleke Nasser Road kwa mchapaji mtakayemtumia. Mwombeni azipunguze hadi A5 na kuzitoa kwenye karatasi ileile atakayotumia siku ya kazi. Kisichosomeka pale ndicho mtakachokataza kwenye masharti.